UZI: Linki peke yake sio rejea. Njooni tuelewane kuhusu vyanzo vya mtandaoni kwenye tasnifu

KalamuYaRisasi (mleta uzi)

Habari za humu wakuu, na shikamoo kwa wakubwa. Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu nikasema leo niliandike lote, maana kila mwaka kipindi cha kukabidhi tasnifu kikifika wadogo zetu wanarudishiwa kazi kwa kosa lilelile, na sio kwamba hawakusoma, wamesoma sana tu ila hawawezi kuonyesha walisoma wapi.

Mimi yamenikuta. Nilikuwa nasoma masters, chuo sikitaji, sura tano zimekamilika, msimamizi kasaini, kazi ikaenda kwa mtahini wa nje. Yule mzee hakuanza na sura ya kwanza, alianza na marejeo. Akawa anabonyeza linki moja baada ya nyingine. Ripoti yake ilipokuja ilikuwa na jedwali la kurasa mbili, upande wa kushoto linki niliyoandika, upande wa kulia alichokikuta. Kumi na moja hazikufunguka kabisa. Nne zilimpeleka kwenye ukurasa wa mwanzo wa tovuti ya wizara, yaani ni kama umemwelekeza mtu nyumba kwa kumwambia "ipo Dodoma". Moja ilianza na file:///C:/Users/ maana nilifungua PDF kwenye kompyuta ya stationeri nikakopi kile kilichoandikwa pale juu nikidhani ndiyo anwani. Nilipewa miezi miwili kurekebisha. Vingine nilivipata, vingine sikuvipata tena mpaka leo, na aya zilizosimama juu yake ikabidi nizifute, zikiwemo mbili nilizokuwa nazipenda kuliko zote.

Sasa nilichojifunza. Rejea ni njia unayomwachia mwenzako ili afike palepale ulipofika wewe, aone ulichokiona. Ukiishika hiyo, mengine yote ya mabano na italiki yanakaa yenyewe. Kwa hiyo kila chanzo jiulize nani kasema, lini, kitu chenyewe kinaitwaje, na kinapatikana wapi. Shida ya mtandaoni ni kwamba hilo la "wapi" ndilo jepesi, liko pale juu kwenye brauza, tunalikopi tunaondoka. Hayo matatu mengine ndiyo yanahitaji uinamie ukurasa uyatafute.

Nianze na NANI. Google sio mwandishi. Facebook sio mwandishi. Nimeona marejeo yameandikwa "Chanzo: Google, 2023", hiyo ni sawa na kuandika "Chanzo: daladala" kwa sababu ndiyo iliyokufikisha sokoni. Mfano mzuri ni sensa. Mtu anaandika Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120 kwa sensa ya 2022, namba sahihi kabisa, halafu chanzo anaweka blogu iliyoirudia ile namba. Wenye sensa ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu pamoja na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar, ripoti ipo, ifungue, itafute namba humo ndani kwa macho yako, kisha itaje ripoti. Ukishindwa kabisa kuipata ile ya asili basi sema ukweli, "kama ilivyonukuliwa katika" fulani, usijifanye umeiona.

Na hapo kwenye majina ya taasisi kuna mtego wa programu za kupanga marejeo. Ukiingiza Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwenye sehemu ya mwandishi, programu inadhani ni mtu, inachukua neno la mwisho inalifanya jina la ukoo, unakuta kwenye orodha limetoka "Takwimu, O. ya T. ya". Na Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inatoka "Tanzania, J. ya M. wa". Nimeyaona haya kwenye kazi zilizokwisha kufungwa jalada gumu kabisa. Ukitumia Word kuna kiboksi cha kutiki kwamba mwandishi ni taasisi, ukitumia Zotero kuna kitufe kidogo pembeni ya jina kinachobadilisha sehemu mbili kuwa moja. Bonyeza hicho, jina linakaa zima.

LINI. Ule mwaka uliopo chini kabisa ya tovuti pembeni ya alama ya hakimiliki sio tarehe ya makala. Ule ni wa tovuti nzima, mara nyingi unajibadilisha wenyewe kila Januari. Tafuta tarehe juu ya makala, au chini ya jina la mwandishi, kwenye PDF angalia jalada na ukurasa wa pili. Ukikosa kabisa andika h.t., yaani hakuna tarehe, hiyo inaruhusiwa, ila kubahatisha hairuhusiwi.

WAPI. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo nilipoumia.

Kama makala ina DOI, tumia DOI, achana na linki ndefu. DOI ni namba ya kudumu ya kazi yenyewe, inaanza na 10 na nukta, tovuti ikihama mchapishaji anaenda kurekebisha anwani kwenye rejista, namba inabaki ileile. Chukua hii 10.1038/171737a0. Hiyo 10.1038 ni ya mchapishaji wa jarida la Nature, baada ya mkwaju 171 ni juzuu na 737 ni ukurasa. Ni makala ya Watson na Crick ya 1953 kuhusu umbo la DNA, yaani intaneti haijazaliwa, lakini leo ukiweka https://doi.org/ mbele ya hiyo namba unafika. Kwa hiyo msidhani makala za zamani hazina DOI, nyingi zimepewa baadaye, itafuteni ukurasa wa kwanza juu au chini.

Kama haina DOI, safisha linki. Ukikopi kutoka Facebook inakuja na mkia ?fbclid= halafu herufi mistari miwili, ule mkia ni wa Facebook kufuatilia mibonyezo, kata kuanzia kwenye alama ya kuuliza kisha jaribu tena kama ukurasa unafunguka. Ukikopi PDF kutoka kwenye majibu ya Google unaweza ukajikuta umebeba linki inayoanza na google.com/url, hiyo nayo sio, fungua kwanza hati yenyewe. Na ukiingia kwenye jarida kwa kupitia login ya maktaba ya chuo, ile linki ina jina la maktaba yenu katikati, mtu wa nje akibonyeza anaombwa nywila.

Halafu siku hiyohiyo unayosoma, sio siku ya kuandika marejeo, HIFADHI UKURASA. Nenda web.archive.org, ipo sehemu ya kuhifadhi, pesti linki, subiri, inakupa anwani mpya yenye tarakimu kumi na nne katikati, mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde. Hizo tarakimu ndizo ushahidi wako kwamba siku hiyo ukurasa ulisomeka hivyo. Ningejua hili mapema nisingefuta aya zangu.

Karibuni, ulizeni, na nilipokosea nirekebisheni.

binti_wa_semista

Asante sana kaka, nimesoma neno kwa neno. Naomba kuuliza. Mimi nina vitu vitatu vinanisumbua, cha kwanza video ya YouTube ya mhadhara, cha pili ujumbe wa WhatsApp wa afisa kilimo niliyemuuliza maswali, cha tatu kuna PDF tulitumiwa kwenye grupu la darasa ni nzuri sana lakini haina jina la mtu, inaanza tu ukurasa wa 14.

KalamuYaRisasi (mleta uzi)

Mdogo wangu hayo ni maswali ya msingi. Kwa APA, moja ya staili za kuandika marejeo, toleo la saba, lile lililotoka mwishoni mwa 2019, video mwandishi wake ni aliyeipakia, hata kama anayeongea ni mwingine. Unaandika jina la chaneli, tarehe kamili, jina la video, unaonyesha ni video, YouTube, linki. Anayeongea unamtaja kwenye sentensi yako, na ukinukuu maneno yake weka dakika na sekunde, mfano 12:45, msomaji asilazimike kusikiliza saa nzima.

Ujumbe wa WhatsApp wa afisa kilimo ni mawasiliano binafsi, unataja ndani ya matini tu pamoja na tarehe, kwenye orodha ya marejeo hauingii kwa sababu hakuna mtu mwingine anayeweza kuufungua. Lakini angalia, kama yeye ni sehemu ya utafiti wako, yaani ulimhoji, hayo ni data yako, yanafuata taratibu za ridhaa na kuficha jina, usije ukamwanika.

Hiyo PDF inayoanza ukurasa wa 14 ni desa lililokatwa kutoka kwenye kitabu au ripoti. Usiinukuu ikiwa hivyo. Chukua sentensi moja ndefu isiyo ya kawaida ndani yake, iweke kwenye alama za kunukuu, itafute Google au Google Scholar. Mara nyingi mama yake anapatikana. Asipopatikana iache, tafuta chanzo kingine kinachosema hilohilo.

NyukiWaTabora

Mkuu nakuheshimu lakini mimi naona hii ni kuwatesa watu. Mzazi kauza ng'ombe mtoto asome, mtoto kaenda vijijini kakusanya data kwa jua, halafu anarudishwa kwa sababu ya nukta na italiki? Kilichomo ndani ndio muhimu. Hizi staili zenyewe zimetungwa Marekani na Uingereza huko, leo APA kesho Harvard kesho kutwa Chicago, kila lekchara na yake.

KalamuYaRisasi (mleta uzi)

Ndugu yangu, kuhusu nukta na italiki nakubaliana na wewe, na mtahini anayemrudisha mtoto kwa nukta tu anamwonea, hizo ni za kurekebisha jioni moja. Ninachokitetea sio hicho. Ninachotetea ni yule aliyekusanya data kwa jua. Akishafanya kazi nzuri, mtu wa Tabora mwingine miaka kumi ijayo atataka kujenga juu yake, akifika kwenye marejeo akute milango imefungwa, ile jasho inapotea.

Na sio sisi tu. Mwaka 2014 Zittrain, Albert na Lessig wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti, wakakuta zaidi ya asilimia 70 ya linki kwenye Harvard Law Review na majarida mengine waliyoyapima hazimfikishi msomaji kwenye kilichonukuliwa, na kwenye hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani asilimia 50. Hiyo ni mahakama yenye makarani na bajeti. Kwetu huku huenda ni zaidi, kwa sababu wizara zinagawanywa na kuunganishwa. Januari 2022 iliyokuwa Wizara ya Afya, Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto iligawanywa ikawa wizara mbili. Aliyenukuu mwongozo wa 2019 akauandika kwa jina la leo kamdanganya msomaji bila kukusudia, jina linaloandikwa ni lile lililopo kwenye jalada la hati siku ilipotoka.

Kuhusu staili kuwa nyingi, kweli inachosha. Ila zote zinauliza maswali yaleyale manne, tofauti ni mpangilio. Chuo chako kina mwongozo, huo ndio unaofuatwa, hata ukipingana na kila kitu nilichoandika humu.

JujaHadiThika

Salamu kutoka Kenya ndugu zangu, uzi mzuri. Kuna jambo linatuchanganya huku. Msimamizi mmoja anasema lazima niandike tarehe niliyofungua kila ukurasa, mwingine anasema niitoe. Nani yuko sawa?

KalamuYaRisasi (mleta uzi)

Wote wanaweza kuwa sawa, inategemea staili. Harvard ukurasa wa tovuti unataka tarehe ya kusomwa, na ikumbukwe Harvard haina kitabu kimoja rasmi ndiyo maana kila chuo kina yake. APA ya saba haitaki, isipokuwa kwa kitu kinachobadilikabadilika na ambacho hakijahifadhiwa popote. MLA ni hiari. Mimi ushauri wangu, iandike kwenye daftari lako kila mara, hata kama staili haiitaki. Kuitoa ni dakika moja, kuikumbuka baada ya mwaka haiwezekani.

wakili_mtarajiwa

Niongeze kwa watu wa sheria. Hukumu za mtandaoni msinukuu kwa linki peke yake, tumieni namba ya nukuu iliyopo juu ya hukumu. TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, wanaweka mwaka kwenye mabano ya mraba, halafu TZCA kama ni Mahakama ya Rufani au TZHC kama ni Mahakama Kuu, halafu namba. Kenya nao wana mwaka, KESC kwa Mahakama ya Juu, namba, mwisho KLR, yaani Kenya Law Reports. Hiyo haijali tovuti imehamia wapi. Na nukuuni AYA, hukumu nyingi sasa zina namba za aya pembeni.

KalamuYaRisasi (mleta uzi)

Umenikumbusha jambo la aya, wakili. Ukurasa wa tovuti hauna namba za kurasa, kwa hiyo badala ya uk. unahesabu aya, "aya ya 6", au unataja kichwa kidogo kilicho juu ya hiyo sehemu. Na sisi tunaoandika kwa Kiswahili tumezoea "keshatajwa", yaani chanzo kilekile nilichokitaja nyuma. Kwenye kitabu cha kurasa 200 angalau unaongeza uk. mtu anafika, kwenye tovuti keshatajwa bila aya inamwacha msomaji njiapanda, akisoma anarudi nyuma kurasa thelathini kutafuta umemtaja wapi. Rudia jina na mwaka, weka aya.

chuma_cha_pua

Mbona mnajitesa, mimi namwambia ChatGPT anipe marejeo ishirini ya mada yangu kwa APA, anayatoa yamepangwa safi kabisa, hata DOI anaweka.

MamaMaktaba

Mwanangu, mimi nafanya kazi maktaba, nakuomba uache hilo leo. Wanafunzi wanakuja kaunta na orodha za namna hiyo, wananiomba niwatafutie makala, natafuta saa nzima, makala hazipo. Jina la mwandishi ni la kweli, jarida ni la kweli, juzuu ni ya kweli, makala haipo duniani. DOI ukiibonyeza inagoma au inafungua makala ya mambo mengine kabisa. Mwaka 2023 kule New York mawakili kwenye kesi ya Mata dhidi ya Avianca walipeleka mahakamani kesi zilizotungwa na hiyohiyo ChatGPT, jaji akawatoza faini dola 5,000. Mwanafunzi hapigwi faini, anaitwa kwenye kamati ya nidhamu.

Anza na Google Scholar au AJOL, hii AJOL ina majarida ya Afrika mengi, yakiwemo ya kwetu, na mengi yanafunguka bure. Hata kile kitufe cha Google Scholar cha kukupa rejea tayari kitumie kwa tahadhari, mara nyingi DOI haiweki na majina ya watu huandika yalivyokuja. Na majina yetu yanaharibika sana humo. Said Ahmed Mohamed jina la mwisho ni Mohamed, kwa hiyo ni Mohamed, S. A., lakini nimemkuta ameorodheshwa chini ya Mohamed, chini ya Ahmed na chini ya Said, kwenye tasnifu moja, kama watu watatu. Fungua jalada la kazi, soma jina, andika. Mwandishi wa watu apewe jina lake kamili.

Na Wikipedia, kama msimamizi anairuhusu, usiweke linki ya ukurasa wa leo. Ingia historia ya ukurasa, bonyeza toleo la siku uliyosoma, linki itakuwa na oldid= na namba. Hilo toleo halibadiliki hata ukurasa ukihaririwa mara mia.

chuma_cha_pua

Shikamoo mama. Nimejaribu sasa hivi hizo DOI zangu ishirini. Zilizofunguka kwa makala yenyewe ni tatu.

MamaMaktaba

Marahaba. Hizo tatu zisome ndipo uziweke. Njoo maktaba yoyote iliyo karibu nawe na mada yako kwenye karatasi, tutaanza upya, wiki moja inatosha.

binti_wa_semista

Kaka nimerudi. Nimefanya ulivyosema jana usiku, kuna ukurasa wa wizara nilikuwa nimeutumia kwenye sura ya pili na ya nne, ulishafutwa, nikaweka linki yake kwenye web.archive.org nikakuta kuna mtu aliuhifadhi Juni 2021. Nimefurahi mpaka nikamwamsha mwenzangu. Lakini nilipolinganisha na jedwali langu nikagundua nilisoma mstari usio wangu, namba niliyoandika ni ya wilaya ya jirani. Sasa sijui nifanyeje, msimamizi ameshapitisha sura ya nne.

KalamuYaRisasi (mleta uzi)

Mwandikie leo kabla ya kulala, mtumie na hiyo linki ya Juni 2021, mwambie mstari gani ulichanganya. Kisha rekebisha jedwali kwanza, halafu kila sentensi ya sura ya nne inayotegemea ile namba, na sura ya tano angalia hitimisho lako kama bado linasimama. Marejeo malizia nayo. Ukikwama kwenye hesabu weka humu, tupo.